Mkimbiaji wa Tano: Sayansi ya Kuifundisha Timu ya Mbio za Nyika

Barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Zambia huvuka Mto Songwe, hupanda uwanda wa Mbozi, hupita Mlowo na Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe, na hatimaye hufika Tunduma mpakani. Sehemu kubwa ya uwanda huo ina mwinuko wa mita 1,500 hadi 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni ya baridi, hasa asubuhi za Juni na Julai, na njia za miguu zipitazo katikati ya mashamba ya kahawa na mahindi ni nyingi mno. Mwalimu wa michezo anayeyatazama mazingira hayo hana budi kujiuliza: ikiwa nyanda za juu za Kenya, za Ethiopia na za kaskazini na kati ya Tanzania zimetoa wakimbiaji mashuhuri, kwa nini Songwe isitoe wa kwake?

Swali hilo ni la haki. Lakini jibu ambalo wengi hulitoa, kwamba mwinuko wa nchi ndio umfanyao mtu kuwa mkimbiaji, ni nusu ya ukweli tu, na nusu hiyo imewapotosha walimu wengi. Makala hii yaeleza jinsi timu ya chuo au ya shule inavyoweza kuandaliwa kwa mbio za nyika, yaani mbio ndefu zinazokimbiwa nje ya uwanja, juu ya nyasi, udongo na vilima. Itaonekana kwamba kazi kubwa ya kocha haimhusu sana yule kijana mwenye kipaji ambaye kila mtu humwona. Inamhusu zaidi yule wa tano, ambaye hakuna amwonaye.

Mwinuko peke yake hautoshi

Kwanza yafaa kueleza mwinuko unafanya nini. Hewa ina oksijeni kiasi cha asilimia 21 popote duniani, pwani na mlimani. Kinachopungua kadiri mtu apandavyo ni kanieneo ya hewa. Usawa wa bahari kanieneo hiyo ni milimita 760 za zebaki. Sehemu ya oksijeni ni 760 × 0.21, yaani karibu milimita 160. Kwenye mwinuko wa mita 1,600, kama ule wa uwanda wa Mbozi, kanieneo ni milimita 630 hivi, na sehemu ya oksijeni ni karibu 132. Bondeni, kando ya Ziwa Rukwa, ambako mwinuko ni mita 800 hivi, sehemu hiyo ni karibu 145. Hivyo basi, ndani ya mkoa mmoja wa Songwe, mwanafunzi aweza kutelemka kutoka uwandani hadi ziwani akapata tofauti iliyo dhahiri ya oksijeni katika kila pumzi.

Oksijeni ipunguapo, mafigo huitambua hali hiyo na kutoa homoni iitwayo eritropoietini. Homoni hiyo huichochea mifupa kutengeneza chembechembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi. Chembechembe hizo zina hemoglobini, ambayo ndiyo ichukuayo oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kwenye misuli. Athari hii huonekana wazi zaidi kuanzia mita 2,000 hivi na kuendelea. Kwenye mita 1,600 ipo, lakini ni ndogo.

Sasa na ichukuliwe historia. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, Marekani, kilikuwa na timu ya mbio za nyika iliyotawala mashindano ya vyuo vya nchi hiyo chini ya kocha Ted Banks. Miongoni mwa wanafunzi waliokimbilia chuo hicho walikuwamo Watanzania, kama vile Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga. Nyambui alipata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na mwaka huo huo akawa bingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani. Shahanga alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, na mita 10,000 katika michezo hiyo hiyo mwaka 1982. Mji wa El Paso una mwinuko wa mita 1,140 hivi. Maana yake ni kwamba Tunduma na Vwawa ziko juu zaidi ya mahali ambapo timu hiyo ilijengewa. Kama mwinuko ungekuwa ndiyo sababu ya pekee, basi Songwe ingekwisha kuishinda El Paso zamani. Kilichokuwako El Paso ni mpango wa mazoezi uliofuatwa mwaka baada ya mwaka, na kundi la vijana waliofanya mazoezi pamoja.

Hesabu ya timu

Mtu asiyeyajua mashindano ya mbio za nyika hudhani kwamba timu inayotoa mshindi ndiyo itwaayo kikombe. Sivyo. Katika mashindano ya vyuo vya Marekani kila timu huweka wakimbiaji 7, na nafasi za 5 wa kwanza kati yao hujumlishwa. Wa kwanza hupata pointi 1, wa pili pointi 2, na kuendelea. Timu yenye jumla ndogo kuliko zote ndiyo ishindayo. Wakimbiaji wa sita na wa saba hawahesabiwi, lakini wakiwatangulia wapinzani huwasukuma nyuma na kuwaongezea pointi. Katika mashindano ya dunia kanuni ni ya namna ile ile, ila wanaohesabiwa siku hizi ni 4.

Jumla ndogo kabisa iwezekanayo kwa watu watano ni 1 + 2 + 3 + 4 + 5, yaani 15. Mwaka 1981 timu ya El Paso ilishinda kwa pointi 17.

Kwa mfano, Chuo A kina vijana wawili hodari sana, nacho Chuo B hakina hata mmoja wa kulinganishwa nao. Matokeo ya mbio yawe hivi:

Chuo A: nafasi ya 1, 2, 6, 25 na 34, jumla 68.
Chuo B: nafasi ya 7, 8, 10, 12 na 14, jumla 51.

Chuo B kimeshinda, ingawa mtu wake wa kwanza alifika wa saba. Mwanafunzi aitazame tena hesabu ya Chuo A. Wakimbiaji wake watatu wa mbele wameleta pointi 9 tu. Wawili wa nyuma wameleta 59. Kocha wa chuo hicho akitumia mwaka mzima kumnoa yule wa kwanza, hatapunguza hata pointi moja, kwa kuwa hakuna nafasi iliyo mbele ya ile ya kwanza. Lakini akiwaendeleza wa nne na wa tano, anaweza kupunguza pointi 20 au 30. Tena katikati ya mbio ndipo watu wanapokuwa wengi: sekunde chache huko huwa na thamani ya nafasi nyingi, ambapo mbele kabisa sekunde hizo hizo huenda zisibadilishe nafasi yoyote.

Hapa ndipo ilipo kasoro ya timu nyingi. Kijana mwepesi huonwa, husifiwa na kuchaguliwa. Kijana wa tano huachwa, au huchukuliwa majuma matatu kabla ya mashindano ili kutimiza idadi, akakimbizwa kila siku mpaka akaumia. Akishaumia huambiwa kwamba hana kipaji, naye huenda asikimbie tena maishani mwake. Hasara hiyo si ya timu peke yake.

Jinsi mwili unavyoyajibu mazoezi

Mazoezi yenyewe hayamwongezei mtu nguvu, humchosha. Nguvu huongezeka baadaye, wakati wa mapumziko, mwili unapojitengeneza upya ili uweze kuukabili mzigo ule ukirudi tena. Kwa hiyo mazoezi bila mapumziko ni kama kubomoa ukuta bila kujenga.

Mabadiliko yatokeayo ni mengi. Moyo huweza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Wingi wa damu huongezeka. Mishipa midogo sana ya damu, iitwayo kapilari, huongezeka kati ya nyuzi za misuli. Ndani ya chembe za misuli huongezeka mitokondria, ambazo ni kama majiko madogo ambamo sukari na mafuta huunguzwa kwa oksijeni ili kutoa nguvu. Mengi ya mabadiliko haya huletwa na mbio za polepole za muda mrefu, si mbio za kasi. Ndiyo sababu makocha wengi wa mbio ndefu huwataka wakimbiaji wao watumie sehemu kubwa ya mwendo wao, karibu nne ya tano, katika kasi ndogo. Kipimo chake ni rahisi: mkimbiaji aweze kuzungumza na mwenzake sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Akishindwa, anakwenda upesi kuliko inavyotakiwa siku hiyo.

Lakini viungo vya mwili havibadiliki kwa kasi moja. Moyo na damu huonyesha mabadiliko baada ya majuma machache. Kano na mifupa huhitaji miezi. Kijana aliyeanza mazoezi mwezi mmoja uliopita hujisikia ana pumzi nyingi na hutaka kuongeza mwendo, ilhali mfupa wake wa muundi haujawa tayari. Maumivu yanayoanza mahali pamoja juu ya mfupa huo, na ambayo huzidi kila akimbiapo, ni dalili ya kuanza kuchanika kwa mfupa. Kijana huyo apumzishwe na kupelekwa kwa mganga, asiambiwe avumilie.

Juma moja la mazoezi

Kwa mwanafunzi aliyekwisha kuzoea kukimbia kwa miezi miwili hivi, juma laweza kupangwa namna hii:

Jumatatu: kilomita 5, polepole.
Jumanne: kilomita 6, na ndani yake kupanda kilima mara 6, kila mara dakika 1, kisha kutelemka kwa kutembea.
Jumatano: kilomita 4, polepole sana.
Alhamisi: kilomita 5, na ndani yake kilomita 3 za mwendo wa kukaza, ambao mtu aweza kutamka maneno machache tu.
Ijumaa: mapumziko.
Jumamosi: kilomita 8, polepole.
Jumapili: mapumziko.

Jumla ni kilomita 28. Kati ya hizo, zilizokimbiwa kwa nguvu ni karibu 4 na nusu tu. Siku mbili ngumu hazifuatani. Jumla ya juma iongezwe kidogo kidogo, isizidi sehemu moja ya kumi ya juma lililotangulia, na kila juma la nne ipunguzwe ili mwili upate nafasi ya kujijenga. Kipimo hiki cha sehemu moja ya kumi si sheria ya maumbile. Ni tahadhari tu, na kocha mwangalifu atakipunguza pale anapoona uchovu.

Upo ugumu mmoja. Wanafunzi wa timu moja hawalingani kwa kasi. Wakikimbizwa pamoja, wa nyuma hujikuta wanashindana kila siku, hata siku za polepole. Njia mojawapo ya kuondoa ugumu huo ni kupima muda badala ya kilomita. Wote huondoka pamoja na kukimbia dakika 20, kila mmoja kwa mwendo wake. Kocha hupuliza filimbi, au wao wenyewe hutazama saa, nao hugeuka palepale walipofika na kurudi. Waliotangulia watakuwa na njia ndefu ya kurudi, na waliochelewa fupi; wote watafika mwanzo karibu wakati mmoja. Kila mmoja amefanya kazi ipasayo mwili wake, na hakuna aliyerudi peke yake nyuma ya wenzake.

Mahali pa kukimbilia

Mbio za nyika zahitaji miguu iliyozoea ardhi isiyo sawa. Kwa hiyo njia za udongo za Mbozi ni uwanja mzuri kuliko lami. Lami ni ngumu, nayo mteremko wake wa pembeni huufanya mguu mmoja ukanyage chini kuliko mwingine. Tena barabara kuu ya kwenda Zambia ina sababu nyingine ya kuepukwa. Malori ya mizigo ni mengi, na mara nyingi hupanga foleni ndefu yakingojea kuvuka mpaka Tunduma. Mtu akimbiaye huvuta hewa nyingi mara kadhaa kuliko aliyekaa. Akikimbia kando ya injini zinazounguruma huvuta pia moshi na gesi ya kaboni monoksidi, ambayo huishika hemoglobini kwa nguvu kuliko oksijeni. Akikimbia alfajiri gizani, hatari ya kugongwa ni kubwa zaidi. Haifai kumpeleka mwanafunzi huko kwa sababu tu barabara imenyooka.

Majira nayo yazingatiwe. Mvua za uwanda huu huanza Novemba hivi na kuendelea hadi Aprili, na njia huteleza. Miezi hiyo yafaa kwa mazoezi mafupi ya vilima, ya kuimarisha misuli ya tumbo na miguu, na ya kujifunza mwendo mwepesi kwenye tope, kwani siku ya mashindano tope huenda likawapo. Kuanzia Mei ardhi hukauka, na mwendo waweza kurefushwa.

Damu, chakula na malaria

Hemoglobini haitengenezeki bila madini ya chuma. Mkimbiaji mwenye upungufu wa madini hayo huchoka upesi, na kocha asiyejua humwita mvivu. Maharage, mboga za majani, dagaa na nyama huyaleta. Chuma kilichomo katika mimea hufyonzwa kwa taabu, lakini machungwa, mapera na matunda mengine yenye vitamini C hurahisisha kazi hiyo. Chai na kahawa huizuia. Katika mkoa unaolima kahawa na kupenda chai, ushauri huu ni wa maana: vinywaji hivyo visinywewe pamoja na chakula, bali saa moja au zaidi baadaye.

Wasichana wanahitaji uangalizi wa pekee, kwa kuwa hupoteza chuma kila mwezi kwa hedhi. Zaidi ya hayo, msichana anayefanya mazoezi mengi na kula kidogo aweza kukosa hedhi kwa miezi kadhaa. Baadhi ya makocha wamewahi kuichukulia hali hiyo kama alama ya bidii. Ni kosa kubwa. Ni dalili kwamba mwili haupati chakula cha kutosha, na mifupa yake inadhoofika. Dawa yake ya kwanza ni kupunguza mwendo na kuongeza chakula, na kumwona mganga. Yafaa katika timu awepo mwalimu mwanamke ambaye wasichana waweza kumweleza mambo hayo bila haya.

Malaria nayo huharibu chembechembe nyekundu za damu. Mwanafunzi aliyetoka likizo katika mabonde ya joto ya Momba au kando ya Ziwa Rukwa aweza kurudi chuoni na vimelea mwilini. Siku chache za homa zaweza kuondoa faida ya miezi ya mazoezi. Kumkimbiza akiwa mgonjwa kwaweza kuhatarisha maisha yake. Apimwe kwanza, atibiwe, ndipo arudi taratibu.

Daftari na saa

Chombo cha thamani kubwa kwa kocha ni daftari. Kila mwanafunzi, kabla ya kuondoka kitandani asubuhi, aweke vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, ahesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha azidishe kwa 2. Aandike idadi hiyo pamoja na saa alizolala na mwendo wa jana. Baada ya majuma mawili atajua kiwango chake cha kawaida. Mapigo yakipanda kwa 7 au 10 kupita kiwango hicho, na yakabaki hivyo siku mbili au tatu, mwili unasema jambo: ama haujapumzika, ama ugonjwa unaanza. Mazoezi mazito ya siku hiyo yaahirishwe.

Takwimu hizo zaweza kutumika darasani pia. Wanafunzi wa baiolojia na hisabati wachore grafu ya mapigo ya asubuhi ya watu watano kwa majuma 8, wakatafute wastani na waeleze sababu ya kila kilele. Katika wakimbiaji wanaoendelea vizuri, mstari huo huelekea kushuka taratibu, kwa sababu moyo unaopeleka damu nyingi kwa pigo moja hauhitaji mapigo mengi.

Mwalimu asivunjike moyo kwa kuwa hakusomea ukocha. Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika mwaka 1976 katika shule ya Mtakatifu Patriki, Iten, nchini Kenya, akiwa mwalimu wa jiografia asiye na elimu ya riadha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake kwa subira. Miongoni mwa aliowafundisha tangu ujana ni David Rudisha, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91.

Subira hiyo ndiyo isiyopatikana kwa majuma matatu ya kambi. Mtanzania Alphonce Simbu alimaliza wa tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Mwaka 2017 alipata medali ya shaba ya mashindano ya dunia London. Miaka 8 ikapita. Septemba 2025, mjini Tokyo, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa sehemu ndogo ya sekunde dhidi ya Amanal Petros wa Ujerumani, wote wawili wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, naye akawa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa mashindano hayo.

Hapana ajuaye ni yupi kati ya wanafunzi wanaokimbia leo asubuhi katika njia za Mbozi atakayefika mbali. Kwa sababu hiyo hasa, mpango wa mazoezi hauna budi kuwalinda wote, na kwanza kabisa yule wa tano.